Risasi Nene Chini ya Mabati

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nalisema hilo mapema ili msomaji asije akashangaa mbele ya safari. Nimetunza ghala la silaha la kituo cha wanyamapori mjini Garissa kwa miaka kumi na tisa, na katika muda huo wote hakuna jambo lililonipandisha mori kama mtu kuja mlangoni kwangu na kuniambia kwamba risasi refu ni bora kuliko risasi nene. Kuna wanaogombana kwa sababu ya siasa, kuna wanaogombana kwa sababu ya mpira. Sisi kituoni tuligombana kwa sababu ya risasi mbili.

Nieleze. Uwindaji hapa Kenya ulipigwa marufuku zamani, nikiwa bado shule ya msingi, kwa hiyo hakuna mtu anayekuja kwetu kutafuta pembe za kutundika ukutani. Lakini kiboko akiingia shamba la ndizi kando ya mto, au nyati akikaa kwenye njia ya maji na kukataa kuondoka, watu wanapiga simu kwetu. Aghalabu tunamfukuza kwa kelele na mambo yanaisha. Mara moja moja, pengine miaka miwili au mitatu ikipita, hakuna namna ila kumuua. Kwa kazi hiyo bunduki za doria hazifai, maana risasi zake ni ndogo na kwa mnyama mkubwa zinafanya kazi ya kumtia jeraha na kumkasirisha. Ndiyo maana tulikuwa na bunduki mbili nzito, kila moja na risasi yake.

Ya kwanza inaitwa tatu sabini na tano, kwa kipimo cha mtutu wake. Risasi yake ina urefu wa kidole changu cha kati, nyembamba kidogo kuelekea kichwani, na kichwa chenyewe kina uzito wa gramu kumi na tisa hivi. Ya pili ni nne hamsini na nane. Hiyo ni fupi kuliko mwenzake kwa upana wa ukucha, lakini nene, imenyooka mwanzo mwisho, na kichwa chake kinakaribia gramu thelathini na mbili. Zote mbili ni za ukoo wa magnamu, yaani risasi zilizoshindiliwa baruti nyingi kuliko zile za kawaida za upana wao. Refu inafika mbali na kupiga pale pale ulipolenga, na bega lako linabaki zima. Nene inachoka mapema njiani, lakini kwa karibu inamsimamisha mnyama. Inamsimamisha na wewe pia, kwa teke lake. Sisi tuliziita hivyo tu, Refu na Nene, na mimi nilikuwa mtu wa Nene kufa kupona.

Mapenzi hayo niliyarithi chuoni. Mwalimu wetu wa silaha alikuwa mzee ambaye, enzi za uwindaji, alibeba bunduki za wageni kambini na kuwashindilia risasi zao kwa mkono. Alikuwa akikaa mezani na mizani ndogo kama ya sonara, anapima baruti punje kwa punje, anaimimina ndani ya ganda kwa kifaneli, kisha anasukuma kichwa cha risasi juu yake kwa mashine ya mkono. Alituambia kwamba ukishindilia risasi mwenyewe unaijua kama mpishi anavyojua chumvi yake, na kwamba mtu aliyepewa risasi na mwenzake anakula chakula asichokipika. Alisema pia kwamba Nene ina tumbo fupi, kwa hiyo baruti yake inabanwa sana ndani, na kitu kilichobanwa kinataka kutunzwa. Tuliandika. Mimi nilipigia mstari neno kutunzwa, na nikajiona nimeelewa.

Sasa, mimi ni mtoto wa mto. Nimezaliwa kwenye mashamba ya Tana, na kwetu ukisema kutunza kitu, maana yake ni kukiweka mbali na maji. Mto ukivunja kingo hauombi ruhusa. Nyumba ya baba yangu ilisombwa mara mbili, na mara zote mbili mama aliokoa unga kwa sababu aliuweka juu darini. Basi miaka minane iliyopita, mafuriko yalipoingia ghalani kwangu hadi magotini, nikapoteza masanduku matatu ya risasi za doria, niliapa halitanikuta tena. Maji yalipokauka nilimwita fundi, akanipigia rafu ya mbao juu kabisa, chini ya mabati. Shehena mpya ya Nene ilipoletwa nikaipandisha huko mwenyewe, sanduku moja moja, nikishuka na kupanda ngazi. Shehena ya Refu nayo ilikuja siku hiyo hiyo. Ile sikujisumbua nayo. Nikaisukuma nyuma ya mlango, chini kwenye sementi, nikaona hata maji yakiichukua si hasara kubwa.

Wakubwa waliokuja kukagua walinisifu kwa rafu ile. Mmoja alipiga picha. Nilijipiga kifua kwa miaka.

Halafu akaja yeye. Alikuwa askari mpya, msichana wa Kisomali, mzaliwa wa Bura ya upande wa Fafi, ambaye mama yake alihamia mtaa wa Waberi hapa mjini akamlea kwa kuuza maziwa ya ngamia sokoni. Siku ya kwanza uwanja wa shabaha alitupiku wote, wanaume wazima, kwa bunduki ya doria iliyokuwa imechoka. Akaja ghalani kwangu, akasalimia, akaniita adeer, yaani baba mdogo. Na adabu ya Kisomali ni kwamba mkubwa anamrudishia mdogo neno lile lile, kwa hiyo mimi nami nikamwita adeer. Tukawa tunaitana hivyo kila siku, baba wadogo wawili, mmoja mwenye mvi na mmoja mwenye hijabu ya kijani.

Alikuwa na tabia moja iliyonichoma. Nikimpa risasi, anaigeuza. Anaitazama kitakoni, anaipitishia kidole, anaishika juu kwenye mwanga, ndipo aipokee. Zote, moja baada ya nyingine. Nilimwambia kwamba tangu niwe hapa hakuna mtu aliyewahi kurudi na risasi mbovu kutoka mkononi mwangu. Akasema ndiyo, adeer, najua, na akaendelea kugeuza.

Tena alikuwa mtu wa Refu. Alisema wazi kwamba Nene ni ya wanaume wanaopenda kusikia kishindo. Mimi nikamwambia Refu ni ya watu wanaoogopa bega. Akacheka, akasema bega ni lake, na mnyama hafi kwa sababu wewe umeumia, anakufa kwa sababu umempiga mahali pake. Tulibishana juu ya hilo kwenye chai ya saa nne, tulibishana ndani ya gari, tulibishana hata mbele ya wageni. Wenzetu walituchoka. Lakini niseme ukweli, siku akiwa likizo niliona siku ndefu.

Kitu kimoja hakikuingia katika ubishi wetu, na ni hiki: ni nani aliyepiga Nene mara ya mwisho, na lini. Risasi hizo ni ghali na ni chache. Kwetu, kupiga hata moja ya majaribio kunahitaji barua, barua inahitaji sababu, na sababu inahitaji mkubwa mwenye nafasi ya kuisoma. Kwa hiyo hatukupiga. Wanyama waliohitaji kuuawa kwa miaka hiyo walipigwa kwa Refu, kwa sababu walikuwa wazi, mbali. Nene ilikaa juu kwenye rafu yake na heshima zake.

Mwaka huu, miezi ya kiangazi, simu ilitoka Bura. Nyati mmoja, dume, alikuwa ameingia vichaka vya miiba vya mathenge karibu na mto akakaa njia panda, pale wanawake wanapopita kuteka maji. Alikuwa na waya wa mtego mguuni, umeingia mpaka kwenye mfupa. Alimchoma mchungaji mmoja pajani, akaletwa hospitali Garissa akiwa hai kwa rehema za Mungu. Tulijaribu kumfukuza siku mbili. Hakwenda popote, hakuweza hata kama angetaka. Daktari wa mifugo alisema kumlaza kwa dawa ndani ya mathenge ni kumtafutia mtu kifo, maana hutamwona mpaka akuone yeye. Ikaamriwa auawe, na aingie mpigaji wetu bora. Kila mtu akamtazama yeye, adeer wangu.

Mkubwa wa kituo alituita ofisini adhuhuri. Akauliza bunduki gani. Yeye akasema Refu. Mimi nikasimama. Nikasema ndani ya mathenge hutaona zaidi ya hatua kumi au kumi na tano, hapo hakuna cha umbali wala shabaha za mapambo, hapo unataka kitu cha kumsimamisha nyati papo hapo, na hicho ni Nene, na nimetunza risasi zake kama mboni ya jicho. Niliongea vizuri. Mkubwa akanisikiliza mimi, kwa sababu nilikuwa mtunza ghala wake na kwa sababu kwa karatasi nilikuwa na haki. Akaamuru Nene.

Yeye hakubisha tena. Alinigeukia tukiwa mlangoni tu, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Adeer, hii Nene ulipiga lini mara ya mwisho?"

Nilifoka. Nilimwambia aniache na maswali ya kitoto, kwamba kama haniamini akatafute ghala lingine. Akatikisa kichwa kidogo, akaenda kwao kujiandaa kwa safari ya asubuhi. Nilipobaki peke yangu nikajua nimefoka kwa nini. Shehena ile ilikuwa haijapigwa hata risasi moja.

Ilikuwa kama saa nane mchana, saa ambayo Garissa hata mbuzi hawataki kusogea. Nikaweka ngazi, nikapanda kuchukua sanduku la Nene nimtayarishie zake kumi. Nilipoweka kiganja juu ya sanduku nikakitoa haraka. Lilikuwa linaunguza. Nikanyoosha mkono juu nikagusa mabati, yapo karibu kiasi cha shubiri moja, na yale hayakugusika kabisa. Nikabaki pale juu ya ngazi, jasho linanichuruzika machoni, nikihesabu. Si siku moja wala kiangazi kimoja. Miaka minane ya jua la Garissa, mchana kutwa, shubiri moja kutoka kwenye mabati. Na usiku baridi, na kesho yake moto tena. Neno lile la mwalimu nililolipigia mstari likanijia: kutunzwa.

Nilishuka na risasi moja. Nikaifunga kwenye jiriwa ya mezani, nikakitoa kichwa chake taratibu kwa koleo, nikaligeuza ganda juu ya gazeti. Baruti nzima ingemwagika kama ufuta. Hii haikumwagika. Nikagonga ganda kwa kidole, kimya. Nikagonga kwa bisibisi, likatoka bonge moja, limeshikana kama sukari iliyonyeshewa, na nyuma yake vumbi kidogo. Nikafungua ya pili, kutoka sanduku lingine. Bonge. Ya tatu nusu ilikuwa nzima na nusu bonge. Nilikaa kwenye kiti.

Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu ni rahisi mtu kujiandika shujaa. Jambo la kwanza nililofikiria halikuwa yeye. Nilifikiria miaka miwili iliyonibakia kustaafu. Nilifikiria ile picha ya rafu. Nikafikiria kwamba huenda baadhi ni nzima, nikichagua vizuri, nikizichanganya, na nyati mmoja anahitaji risasi mbili tu. Wallahi nilifikiria hivyo, na nilikuwa tayari nimeanza kuzipanga kumi mezani, nikichagua zilizong'aa. Ndipo nikamwona akilini anazigeuza. Nikaona kile kidole chake kinapita juu ya shaba, na macho yake kwenye mwanga, na najua hakuna jicho la mtu linaloweza kuona bonge lililo ndani ya ganda. Angetazama zote kumi, angeridhika, na angeingia nazo mathenge. Niliona aibu kiasi kwamba nilisema astaghfirullah kwa sauti, peke yangu ghalani.

Nikafunga ghala nikaenda Waberi kwa miguu, na lile bonge nimelifunga kwenye karatasi. Ilikuwa imeshapita alasiri. Nilibisha, nikakaribishwa. Yeye alikuwa anashona mkanda wa begi lake, mama yake yuko jikoni anachemsha chai. Nilidhani nitamwita nje tuongee wawili. Lakini mama yake alishatoka, kashika sinia, na kabla sijakaa sawasawa akaniuliza kwa Kiswahili chake cha soko, "Kesho huyu nani nampa risasi?"

"Mimi, abayo," nikasema, yaani dada.

Akanitazama. Sikuweza kuomba tutoke nje baada ya hapo. Nikafungua ile karatasi mezani, kando ya vikombe, nikaeleza yote: mafuriko, rafu, mabati, jua, bonge. Nikasema kosa ni langu na si la mtu mwingine, kwamba nilikuwa naogopa maji nikasahau moto, na kwamba mchana ule nilimfokea kwa sababu aliniuliza swali la kweli. Nikasema hata kile nilichokuwa nimeanza kufanya, kuchagua zilizong'aa. Hilo ndilo lililonitoka kwa taabu zaidi. Yeye alilichukua bonge akalivunja kwa kucha, akanusa vidole. Mama yake alimimina chai, akanipa kikombe changu. Nilikunywa kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Mwishowe yeye akauliza Refu ziko wapi. Nikamwambia ziko chini, nyuma ya mlango, kwenye sementi baridi, tangu siku zilipokuja. Akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Akasema, "Adeer, zile ulizozidharau." Mimi sikucheka siku hiyo. Nimecheka baadaye.

Tulikwenda kwa mkubwa pamoja jua likiwa bado lipo. Alinisikiliza akiwa amesimama. Nilitegemea matusi, nikayapata, na niliyastahili. Kisha akafanya jambo ambalo nitamshukuru kwalo daima. Hakungoja barua. Akatuchukua na gari mpaka uwanja wa shabaha, tukapanga magunia sita ya mchanga uliolowa, moja nyuma ya lingine, akasema mimi ndiye nipige.

Nikaanza na Nene. Nilivuta kifyatulio, pini ikagonga, pakawa kimya. Kimya cha kutosha mtu kusema bismillahi mpaka nusu. Ndipo ikalia, mtutu umeshanisogea, na risasi ikaenda kando kabisa kwenye tuta. Ya pili ililia mara moja lakini kwa kishindo cha kofi, na kichwa chake tulikichimbua ndani ya gunia la pili. Ya tatu haikulia kabisa. Tukangoja na bunduki imeelekezwa kwenye tuta mpaka mkubwa aliporidhika, nikaitoa. Kisha yeye akapiga Refu tatu. Zote zililia pale pale alipovuta, zote zilitoboa matundu matatu ya karibu karibu, na ya kina kirefu zaidi tuliikuta gunia la tano. Nilipima kwa kamba mimi mwenyewe, nikaandika kwenye kitabu kwa mwandiko wangu. Miaka kumi na tisa ya ubishi, na jibu ni hilo. Refu ilishinda kwa sababu ilikaa kwenye ubaridi, si kwa sababu ya werevu wa mtu yeyote, na bado ilishinda.

Asubuhi tulikwenda Bura. Niliomba kwenda, na mkubwa hakunikatalia. Kule njiani kuelekea mto wanawake walikuwa wamesimama na mitungi mitupu, mmoja akatuombea dua kwa Kisomali, akaongeza kwa Kiswahili kwamba tufanye haraka, mifugo imekauka. Tuliingia mathenge watu watatu. Yeye mbele, mimi nyuma yake na bunduki ya doria, na askari mwenzetu nyuma yangu. Kabla ya kuingia nilimpa risasi za Refu mkononi, nne za kuingiza na nne za mfukoni. Mathenge yana miiba inayopita soli ya kiatu. Tulitembea kwa kuinama, tukisimama kila baada ya hatua chache kusikiliza. Nilisikia nzi kabla ya kusikia nyati. Lile jeraha lilikuwa linanuka.

Alikuja bila kutangaza, na alikuja mzima mzima licha ya ule mguu. Matawi yalipasuka upande wa kulia, nikaona pembe, na yeye alikuwa ameshageuka. Akapiga. Nyati hakusimama. Yeye akavuta na kusukuma bolti bila kuitoa bunduki begani, akapiga tena, na nyati akaanguka kwa magoti, akaburura kidevu kwenye mchanga, akalala. Yote hayo ni muda wa pumzi mbili. Baadaye nilipima kwa hatua kutoka kidevu cha nyati mpaka alama ya kiatu chake. Hatua tano.

Nilikaa chini pale pale kwenye miiba. Nilikuwa nahesabu tena, sikuweza kuacha: nusu ya bismillahi, nyati mwenye mbio hata zile za miguu mitatu, hatua tano. Nililia, na sioni haya kulisema. Yeye alikuwa amepiga magoti kando ya nyati, anakata ule waya kwa koleo langu ingawa mnyama alishakufa, akisema hapendi kumwacha nao. Nje tulisikia mitungi ikianza kugongana, wanawake wameshajua kwa milio miwili kwamba njia imefunguka.

Uchunguzi ulikuja baada ya wiki mbili, kama ilivyopaswa. Afisa kutoka makao makuu alikaa kwenye meza yangu ghalani na faili. Nilieleza yote kwa mpangilio, nikaweka kile kitabu mbele yake. Aliniuliza mengi ya haki. Zile Nene zote zilihesabiwa zikachukuliwa kwenda kuharibiwa, rafu ikang'olewa, na siku hizi ghala lina dari ya mbao na sakafu iliyoinuliwa kwa matofali, mbali na maji na mbali na mabati. Shehena mpya ikija itapigwa tatu kila mwaka, na hakuna tena habari ya kuomba barua. Hilo liliandikwa kuwa kanuni, nami ndiye niliyelipendekeza. Lakini siku ile sikujua kama nitakuwepo kuona lolote. Nilikuwa nimeshazitoa funguo kwenye mkanda wangu, nimeziweka mezani.

Afisa alimwita yeye mwisho. Nilitaka kutoka, akasema nikae. Akamuuliza jambo moja ambalo, alisema, halikumkaa sawa kichwani. Askari wenzake walikuwa wamemwambia jinsi anavyokagua kila risasi kabla ya kuipokea, siku zote, bila kuruka. Lakini yule askari wa tatu aliyekuwa nasi ukingoni mwa mathenge alisema siku ile yeye alizipokea nane zote bila kuzitazama. Kwa nini siku ile, na kutoka kwa mtu aliyeharibu masanduku mazima?

Mimi sikuwa nimeliona hilo. Nikimpa, nilikuwa naangalia mathenge.

Alinitazama mimi badala ya afisa.

"Alikuja nyumbani akaniambia mbele ya mama yangu," akasema.

Afisa aliandika hayo, akafunga faili, na akazisukuma funguo upande wangu wa meza.